Mwenye Shughuli ni Swafiya

Mwaka ule wa 1998 hakuna harusi ya Wapwani iliyofungwa kati ya Richfield na Brooklyn Park, huko Minnesota, Marekani, bila Shaaban kuwapo, kamera begani. Siku za kazi aliendesha trekta la mizigo uwanja wa ndege; Jumamosi alikuwa bwana picha, na hata mama wa bibi harusi alimsogezea kiti. Kwa hiyo kocha wa chuo kimoja cha mashariki alipoandika barua kumtaka binti yake Swafiya atume kanda ya mechi nzima, Shaaban alicheka peke yake. Kanda tu? Si wangesema mapema!

Swafiya alibakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, naye alikuwa mlinzi katika timu ya lakrosi, ule mchezo wa kupokonyana mpira kwa fimbo zenye kifuko cha nyavu nchani. Makocha wa vyuo hawakujisumbua kupanda ndege kuja Minnesota kwa mchezo huo. Ukitaka wakujue uliandika barua, ukatuma kanda, kisha ukangoja Julai mosi, siku ambayo sheria yao iliwaruhusu kupiga simu. Swafiya alituma barua kumi na tisa. Alijibiwa na mmoja tu, aliyesema kwamba amebakiza nafasi moja ya mlinzi.

Mechi ya mwisho ya msimu Shaaban alivaa suti. Alipiga goti kando ya uwanja na kurekodi dakika zote hamsini, mkono haukutikisika. Jumatatu Swafiya aliporudi kutoka shule, kanda ilikuwa imeshakwenda posta.

Jumapili iliyofuata walikaa sebuleni kutazama nakala, Shaaban, mkewe Fatimah na Swafiya. Ilianza kwa maua ya waridi yanayoelea na jina la Swafiya kwa herufi za dhahabu. Swafiya alijifunika uso kwa mto. Alipoutoa, mechi ilikuwa imeanza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Dad, ball iko wapi?"

Mpira haukuwapo. Mabao yalifungwa huko yalikofungwa, vigelegele vya Fatimah vilisikika, lakini kwenye kioo alikuwapo Swafiya tu. Swafiya anakimbia. Swafiya anamwonyesha mwenzake kwa kidole aende kushoto. Swafiya anafunga kamba za kiatu, kwa utulivu, karibu dakika nzima.

"Mpira wa nini?" Shaaban alishangaa kwelikweli. "Harusini sitoki kwa bibi harusi hata nyumba ikishika moto. Mwenye shughuli si wewe?"

"Coach anataka kuona game! Sio mimi na viatu!" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Usilete camera kwa mechi zangu tena. Please, Dad."

Shaaban alipigwa na aibu asijue pa kuiweka. Msimu ulikuwa umekwisha, mechi nyingine ya kutuma kabla ya Julai mosi haikuwapo. Mwezi mzima kamera haikutoka kabatini, akakataa na harusi mbili. Fatimah alimwambia ameingiwa na kisirani, naye hakubisha.

Julai mosi aliomba ruhusa kazini bila kutaja sababu. Alikaa karibu na simu akijifanya anasoma gazeti, naye Swafiya akajifanya anaosha vyombo vilivyokuwa safi. Saa nne simu ililia. Ni muuza mazulia. Shaaban alimkatia maneno katikati. Saa nne na robo ikalia tena, Swafiya akainyakua.

"Yes. Yes, Coach." Kisha akasikiliza, na akazidi kusikiliza. Mara Shaaban akamwona bintiye anachuchumaa chini, kiganja mdomoni.

"Amekataa?" alinong'ona.

Swafiya aliziba simu, maneno yakamtoka mbiombio. "Anasema tape zote anazoletewa zinafuata ball. Defender haonekani, labda sekunde mbili. Yangu ameiangalia mara tatu! Ameona vile napanga wenzangu kabla ball haijafika. Ameona nikimwinua mwenzangu aliyeanguka. Dad, nafasi ni yangu! Nikiitaka ni yangu!"

Vigelegele vya Fatimah vilitoka jikoni, vikali kuliko vya kwenye kanda. Shaaban alitaka kucheka, akajikuta analia kwa furaha, gazeti likiwa puani.

"Na anauliza nani alirekodi."

"Mwambie ni babako," alisema Shaaban.

"Nimeshamwambia. Anataka kuona mechi nyingine, na Jumamosi tuna ya kirafiki Saint Paul." Swafiya alisita, akamtazama kwa haya. "Ile suti yako iko safi?"

Shaaban alikuwa ameshafungua kabati, anatafuta betri.