Siku Kaswera Alipofunga Lango

Kila alipoyeyusha mafuta, Kaswera aliacha lango lake wazi. Ndivyo mama yake alivyomfundisha huko Butembo, kabla vita havijawasukuma hadi Bunia: sabuni hupikwa mbele ya macho ya majirani, na vipande vya nyama vinavyobaki mafuta yakishatoka, vile vyekundu vinavyolia mdomoni, ni haki ya watoto wa mtaa. Watoto walikuja na majani ya mgomba mikononi. Alivitilia chumvi, akawagawia, ndipo akayachuja mafuta yake na kuyatia sodi, magadi makali yachomayo ngozi.

Jumatano hiyo alifunga lango, akaliegemezea gogo.

Juma lile ng'ombe hawakuingia mjini, kwa kuwa wenye bunduki walikuwa wameishika barabara. Amisi mchinjaji, aliyemuuzia mafuta siku zote, alikaa mbele ya kibanda kitupu akifukuza nzi. Nao wachimba dhahabu wa machimbo ya Kilo walikuwa wakisubiri sabuni. Wengi wao walikuwa Waislamu, na Kaswera aliwaapia tangu mwanzo: ng'ombe tupu. Basi akaenda kimya kimya kwa Gertrude, mfugaji wa nguruwe, akarudi na mafuta ya tumbo yenye ngozi zake. Alijiambia kwamba sabuni ikishakauka haina dini. Lakini watoto wa Amisi wangekuja na majani yao, na kuwalisha wale watoto nguruwe hakuthubutu. Kwa hilo moja alimwogopa Mungu. Alizifukia ngozi chini ya lundo la majivu, akasali Baba Yetu, akawasha moto.

"Mama Kaswera! Leo haiko hata kidogo?" watoto waliita nje ya lango.

"Leo haiko. Muende kwenu!"

"Lakini inanukia!"

Maneno hayo ndiyo yaliyobebwa mtaani. Dady, kijana wa pikipiki, mwana wa pekee wa Jeannine, hakuwa ameonekana tangu Jumapili. Vijana walikuwa wamemtafuta hadi mabondeni. Sasa watu wakaanza kuulizana: ng'ombe haiko mjini, mafuta yananukia kwa Kaswera, lango limefungwa. Anapika nini? Habari ilipofika kisimani, tayari kulikuwa na mtu aliyeona kidole ndani ya sufuria.

Kaswera alikuwa ameweka beseni la maji ya sodi kivulini lipoe aliposikia jiwe la kwanza juu ya bati. La pili lilimpata begani. Kisha lango lilianguka pamoja na gogo lake, na ua ukajaa watu.

"Muchawi! Uko napika mutoto ya watu!"

"Tokeni! Ni mafuta ya—" akasita. Amisi alikuwa pale, katikati ya kundi, na watoto wake nyuma yake.

"Ya nini? Sema!" alifoka Didier, rafiki wa Dady. "Unaona? Hana jibu!"

Kusita huko kulimgharimu. Fimbo ilimshukia mgongoni, nyingine kwenye meno. Jeannine alimshika nywele akamburuta hadi kwenye nusu pipa lililokuwa likichemka, akamwinamisha mpaka mvuke ukamchoma kope.

"Mutoe! Mutoe Dady yangu humu ndani!"

"Ni nguruwe!" Kaswera alilia, damu ikimtoka kinywani. "Mama Jeannine, kwa jina la Yesu, ni nguruwe!"

"Nguruwe? Weye ulituapia ng'ombe!" alisema mtu.

"Kama ni nguruwe, ale!"

Wakamsokomeza vipande vya moto mdomoni. Akavitafuna, akavimeza, ulimi ukaungua.

"Amekula! Ni muchawi tu anaweza kula mutu hivi!"

Asipokula ana hatia, akila ana hatia. Kaswera alitazama juu akamwambia Mungu: Bwana, nilidanganya, lakini si hivi. Teke likapindua pipa. Mafuta yakamwagika juu ya moto, ndimi za moto zikaruka, watu wakarudi nyuma wakipiga kelele. Kijana mmoja alikuwa ameshaingia na gurudumu la gari la kumvika na kumchoma, akilizungusha kama mtoto anayecheza. Mwingine aliitisha petroli.

Didier aliona beseni kivulini. "Tumuogeshe kwanza!"

"Hiyo haiko maji!" Kaswera alipiga kelele. "Didier, acha, haiko maji!"

Didier akamrushia. Kwanza ilikuwa baridi na utelezi. Kisha shingo na bega vikashika moto usioonekana, na Kaswera akajigaragaza kwenye vumbi kama kuku aliyechinjwa. Didier naye alianza kuruka, akitikisa mikono.

"Inanikula! Ee mama, inanikula!"

"Maji!" Kaswera alisema kwa sauti iliyopasuka. "Mumutie maji mingi! Musifute, mutie maji tu!"

Watu walitazamana. Yule waliyekuja kumchoma alikuwa anamuagizia maji mtu aliyemchoma. Mtu akalivuta dumu, wakammwagia Didier, kisha, kwa aibu, wakammwagia na Kaswera. Lakini gurudumu lilikuwa bado uani, na petroli ilikuwa imefika.

"Papa Amisi," Kaswera alisema. "Chimba kwenye majivu. Weye mwenyewe."

Amisi alichukua jembe. Alichimba mara chache, akasimama, akainua juu kipande kirefu cha ngozi nyeupe kilichoning'inia kwenye ncha ya jembe. Alikishika mbali na kanzu yake kama mtu aliyebeba nyoka. Akahesabu kwa sauti.

"Chuchu sita, mustari moja. Jeannine, mutoto yako alikuwa na chuchu ngapi?"

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo, na kicheko kikawatoka wengi, kibaya, cha watu waliokaribia kuua. Mwenye petroli alifunga kizibo chake. Gurudumu liliviringishwa nje polepole. Mmoja mmoja walipita juu ya lango lililolala chini, na hakuna aliyeliinua.

Amisi alitupa jembe, akanawa mikono, akanawa tena. "Ungetuuzia?"

Angeweza kusema hapana. "Ndiyo, Papa Amisi," alisema. "Ningewauzia."

"Na batoto yangu?"

"Hao hapana. Ndiyo sababu nilifunga."

Amisi alimtazama shingo ile iliyochunika. Aliwashika wanawe mikono akatoka.

Jeannine peke yake alibaki. Alikuwa amechuchumaa kando ya pipa lililopinduka, akipapasa mafuta meupe yaliyoanza kuganda ardhini, akavinusa vidole.

"Ni nguruwe," alisema.

"Ni nguruwe, mama."

Ndipo akalia, na kilio hicho kilimtisha Kaswera kuliko mawe. "Nilitaka awe yeye! Hata humu! Ningepata kitu ya kuzika!"

Kaswera hakuweza kusimama. Alijivuta kwa kiwiko hadi kwenye dumu, akakuta limebaki maji kidogo. Alitaka kuyamwagia shingo yake. Akalisukuma kwa Jeannine.

"Nawa mikono, mama," alisema. "Sodi ilimwagika hapo chini."

Jeannine alilishika lile dumu. Kisha akasogea nyuma ya Kaswera, na akaanza kummwagia shingoni, kidogo kidogo.