Firigisi ya Kalunde

Duka la Kalunde pale Kwa Vonza liliungua mwaka wa 1983, na kampuni ya bima ikamtuma mkaguzi, kijana wa Mbooni aitwaye Nzomo. Kalunde alimkaribisha nyumbani, akamchinjia jogoo. Akampa hata firigisi, fungu la mwenye nyumba, ambayo hakuna aliyeila katika nyumba ile tangu mumewe afariki. Nzomo alikula akashiba, akakagua majivu, akaenda zake.

Basi kampuni ikamzungusha Kalunde, njoo kesho, njoo kesho, hadi akaishtaki. Ndipo ikajitetea kwamba mama huyo alivunja mkataba kwa kumfukuza mkaguzi. Nzomo mwenyewe akaapa, tena kwa Biblia, kwamba alifukuzwa njiani, hajawahi kukanyaga kwake!

Kalunde hakupiga kelele. Alipopewa nafasi ya kuuliza, alimgeukia kijana yule.

"Mwanangu Nzomo, ile firigisi niliyokupa, uliila au hukuila?"

Kijana aliyelelewa Mbooni anaweza kuapa apendavyo mbele ya wakubwa, lakini kumkana mama aliyemlisha, ulimi unakataa. Nzomo akainamisha kichwa.

"Niliila, mama."

Jaji akaamuru kampuni ilipe duka lote, na juu yake fidia kwa kumhangaisha mjane kwa hila.

Nje, Nzomo alimfuata mbio. "Mama, nisamehe."

"Kampuni italipa lake," Kalunde alisema, akijifunga leso vizuri. "Wewe utaniletea jogoo. Na firigisi nitakula mimi, ukinitazama."