Rundo la Theluji Upande wa Juu

Mume wangu Orrin ni mtu mwema, ila kichwa chake kigumu, wewe acha tu. Asubuhi ile nilimkuta ameikusanya theluji yote ya uwanja wa maduka na kuirundika upande wa juu, palepale alipoirundika mwaka jana. Damu ilinichemka.

"Orrin! Ndiyo nini hii?"

"Wenye maduka wanataka magari yakae huku chini, karibu na milango."

"Na jua likipiga saa sita, maji yatateremkia wapi?"

Mwaka jana maji ya rundo lile yaliteremka mpaka mbele ya duka la mikate la mama yake Orrin, Mama Solveig. Kivuli kilipoingia yakaganda, naye Mama akateleza akavunjika nyonga. Alasiri hii ndiyo alikuwa anarudi dukani kwa mara ya kwanza, na daktari alishasema wazi: akianguka tena, hatatembea tena.

"Nitamwaga chumvi," Orrin akasema.

"Chumvi! Kwa baridi inayokuja leo, chumvi haifui dafu. Itayeyusha juujuu, kisha pagande upya pawe kama kioo. Washa tingatinga, bwana, tulihamishe hili rundo."

"Rundo zima? Darlene, una wazimu? Bora nimpigie simu asije. Au nimbebe."

"Umbebe mama yako mbele ya wateja wake? Thubutu!"

Akawasha. Miteremko ya uwanja ule naijua kama jiko langu, kwa hiyo yeye aliendesha, mimi nikaelekeza. Jua lilipochanganya, theluji yote ilikuwa chini kabisa, kando ya mtaro. Tukabandua barafu iliyobaki kwa sururu, nami nikamwaga mchanga mkavu wenye chenga kubwa kutoka maegesho hadi mlangoni. Kinyozi wa jirani akachungulia.

"Darlene, unapanda mahindi?"

"Rudi ndani ukanyoe, mbea wewe!"

Alasiri Mama Solveig aliletwa na dada yake. Akafungua mlango wa gari mwenyewe. Orrin akamkimbilia.

"Toa mkono wako. Mimi si trei ya mayai."

Akaanza kutembea. Orrin akamfuata nyuma, mikono ameitanua kama anayekimbiza kuku. Mimi nilisimama pembeni. Kazi yangu niliiamini, ingawa ndoo ya mchanga sikuiweka chini, sitaficha.

Mama hakwenda moja kwa moja mlangoni. Alisimama pale pale alipoanguka, akasugua kisigino chini.

"Ni hapa," akasema. "Kila nikifumba macho, naanguka hapa."

Akapiga mguu kwa nguvu. Mchanga ukakwaruza chini ya kiatu, na yeye akabaki wima.

Orrin akaangua kilio, mtu mzima na ndevu zake. "Nisamehe, Mama. Rundo niliweka mimi."

"Uliweka wewe, lakini nani alikuamuru? Si mimi, nikitaka wateja wangu wapate pa kuegesha?"

Nikamtazama mume wangu. Mwaka mzima nilikuwa nikimsema kwa ajili ya rundo lile, na hata siku moja hakunitajia hilo. Nilimwonea huruma, nikamwonea na fahari.

Mama akamshika kidevu. "Haya basi, futa machozi, mwanangu. Yakiganda hapa, nitateleza tena."