Ushuru wa Mguu wa Kushoto

Lucy alipiga magoti kwenye sakafu ya saibakafe yake, akanyoosha tepu ya kushonea kutoka kisigino cha Kasyoki hadi ncha ya kidole gumba. Sakafu ilikuwa na vumbi, kama kila kitu Kitengela mwaka ule wa 2009. Mvua ilikuwa imekataa, na upepo uliotoka mbugani uliingia na udongo pamoja na harufu ya ng'ombe waliokufa kando ya barabara ya Namanga.

"Ishirini na tatu na nusu," Lucy alisema. "Lakini huu ni wa kulia, Mama Ndanu. Wao wanauliza wa kushoto."

"Wa kushoto hauko," Kasyoki alisema. "Andika hiyo hiyo. Walikuwa mapacha."

Wanaume wawili waliokuwa kwenye kompyuta za ukutani waligeuka, wakatazama pale kila mtu alipotazama, kisha wakarudi kwenye mambo yao.

Mguu wa kushoto ulibaki Athi River, kwenye lango la kiwanda ambako Kasyoki alishona mikono ya mashati kwa miaka sita. Lori lililoleta marobota ya vitambaa lilirudi nyuma bila mtu wa kulielekeza. Meneja alifika hospitalini mara moja tu, na chupa ya juisi. Alimweleza kwa upole kwamba kadi yake ilionyesha alikuwa ametoka kazini dakika nne kabla ya tukio, na kwamba lango, kwa upande wa nje, si kiwanda. Alikuwa mtu wa adabu. Hata ile juisi aliifungua mwenyewe.

Tangu hapo Kasyoki alishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Isaac, fundi wa viungo vya bandia kwenye karakana ya misheni upande wa Kajiado, alikuwa amemtengenezea kikombe cha plastiki cha kuvishwa kwenye kigutu. Kilimkaa vizuri. Kikombe hicho kilikuwa kimening'inia msumarini miezi saba, kwa sababu karakana haikuwa na mguu wa kuweka chini yake. Wafadhili waliokuwa wakileta miguu walikuwa wamehamia kwenye visima.

"Tafuta mguu na bomba lake," Isaac alimwambia, akamwandikia vipimo kwenye karatasi. "Mimi nitaunganisha nusu saa. Nusu saa tu, dada."

Na sasa Lucy alikuwa ameuona, kwenye duka moja la Uingereza lililokuwa likifunga biashara na kuuza kila kitu kwa bei ya kutupa. Mguu wa kushoto, mpya, na bomba lake, ndani ya sanduku. Kwa Kasyoki bei ya kutupa ilikuwa sare za muhula mzima. Lucy alilipa kwa kadi yake ya benki, Kasyoki akamhesabia noti kando ya kibodi.

"Bado kitu kimoja," Lucy alisema. "Inakuja na nani?"

Kulikuwa na kampuni ya vifurushi vya ndege. Siku tano, hadi mlangoni, lakini wao wenyewe ndio hutoa mzigo kwenye forodha, na kazi hiyo wanaitoza wanavyotaka. Kijana mmoja wa Kisaju alikuwa ameagiza simu akaambiwa alipe kushinda simu yenyewe. Kulikuwa na posta. Wiki tatu au nne, unaletewa karatasi kwenye sanduku la barua, unaenda Nairobi kujitetea mwenyewe.

"Ama uongee na Mustafe," Lucy alisema, akishusha sauti ingawa hakuna aliyesikiliza.

Mustafe alikuwa na duka la nguo na redio karibu na soko. Alimtolea Kasyoki kiti, akamwagizia chai, na hakuzunguka.

"Mzigo inashukia Dar. Inapanda mpaka Arusha. Namanga kuna wamama wanavuka asubuhi na vikapu, wanarudi jioni na vikapu. Hakuna mtu anauliza kikapu. Wiki mbili uko nayo hapa."

"Na ushuru?"

"Mama, ushuru inalipwa na mtu hana njia."

"Na wakishika?"

"Hawashiki. Wale wa kushika nawajua kwa majina, na watoto wao." Alikoroga chai yake. "Na mimi kwa mguu sitakuchaji. Hiyo itakuja tu ndani ya mizigo yangu."

Kasyoki alimtazama jinsi alivyozoea kuwatazama watu wanaoruka foleni. Alimdharau kwa ile chai, kwa ule wema, na kwa jinsi alivyolitaja jambo la haramu kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. Kanisani alikuwa mweka hazina wa akina mama. Na kwenye ubao wa ofisi ya chifu alikuwa amesoma, kwa macho yake, tangazo lenye muhuri: vifaa vya watu wenye ulemavu havitozwi ushuru.

"Huu ni mguu wangu," alimwambia Mustafe. "Siwezi nikavushiwa mguu kwa kikapu kama mirungi. Nataka mtu akiniuliza ulitoka wapi, nimwonyeshe karatasi."

Mustafe hakukasirika. "Sawa, mama. Karatasi utapata."

Mzigo ulikuja na posta. Wiki ya tano karatasi ya njano ilifika, na Kasyoki akapanda gari la asubuhi kwenda Nairobi. Ofisi ya vifurushi vya ng'ambo ilikuwa ghorofa ya pili. Kwenye mlango wa lifti walikuwa wamebandika tangazo la kuomba radhi, na lenyewe lilikuwa limezeeka. Alipanda ngazi kwa magongo, akipumzika kila baada ya tano. Alipofika juu blauzi ilikuwa imemganda mgongoni.

Ofisa nyuma ya dirisha alikuwa na beji iliyoandikwa Hiram. Alikuwa mtu nadhifu, kucha zimekatwa, na kalamu tatu mfukoni. Mbele ya Kasyoki alisimama karani wa kiwanda cha Athi River, ambaye hakumtambua. Alisukuma faili chini ya kioo, ikagongwa mihuri minne bila kufunguliwa, akaondoka. Mzigo mzima wa vitambaa, bila ushuru, kwa sababu kiwanda kilikuwa na msamaha wake. Kasyoki aliusoma muhuri kichwa chini: HURU.

Hiram alisoma karatasi ya njano. "Kiatu?"

"Mguu."

"Hapa wameandika plastiki na chuma. Naweza kuandika sehemu za mashine, ama bidhaa za nyumbani. Zote zinalipa."

"Ni mguu wa bandia. Sheria inasema haulipi."

"Kama wewe ni mlemavu."

Kasyoki alirudi nyuma hatua moja, ili meza isimzuie ofisa kuona. Hiram aliinama kidogo, akatazama chini, akarudi kukaa sawa.

"Mimi naona, mama. Lakini faili haioni." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. "Lete ripoti ya bodi ya madaktari. Lete kadi ya kusajiliwa. Halafu barua ya msamaha kutoka wizara. Na usichelewe, mzigo una siku zake hapa."

"Siku ngapi?"

"Zimeandikwa nyuma."

Nyuma ya karatasi kulikuwa na maandishi madogo kuliko mishono aliyowahi kuishona. Hakuweza kuyasoma, na Hiram alikuwa tayari ameita mtu mwingine.

Bodi ya madaktari ilikaa Kajiado siku moja kwa mwezi. Mwezi wa kwanza daktari wa tatu alikuwa kwenye semina, na bila watatu hawawezi kukubaliana kwamba mguu haupo. Kasyoki alirudi na magongo yake. Mwezi wa pili walikaa. Watu kama arobaini walingoja kwenye benchi nje, vipofu, mzee wa Kimaasai mwenye mkono uliokauka, mama aliyembeba mgongoni kijana mkubwa wa miaka kumi na minne. Kila mmoja aliitwa ndani kuthibitisha alichoamka nacho.

Daktari alipima kigutu kwa rula ya plastiki.

"Asilimia arobaini," alimwambia mwenzake, ambaye aliandika. Kisha akasoma fomu. "Hali hii ni ya kudumu au ya muda?"

Kasyoki alidhani anauliza wenzake. Alipoona wote watatu wanamtazama, alisema, "Nimeungoja uote miaka miwili, daktari. Bado."

Hakuna aliyecheka. Yule wa kuandika aliuliza, "Kwa hivyo niandike ya kudumu?"

"Andika unavyoona."

Aliandika. Ripoti ilitaka saini ya mkubwa, na mkubwa alikuwa safarini. Kadi ilitaka picha mbili zinazoonyesha ulemavu. Mpiga picha wa Kitengela alimsimamisha mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, akamwambia ainue sketi kidogo, na kwa ajili ya mkao akamwambia atabasamu. Wizara ilitaka nakala za vyote hivyo, na barua ya chifu kwamba anamjua. Chifu alimjua sana. Barua ilimgharimu kitu kidogo ambacho chifu alikiita cha wino, chini ya lile tangazo lenye muhuri, na Kasyoki alilipa huku akilitazama.

Siku moja alikutana na Mustafe sokoni akishusha magunia kutoka kwa pikapu. Alimsalimia, akauliza habari za mguu. Kasyoki alisema uko njiani.

"Mimi tangu wakati ule nimeleta mizigo mara nne," Mustafe alisema. Hakusema kwa kujisifu. Alionekana kuaibika kwa niaba ya mtu fulani, na Kasyoki akajikuta hana tena nguvu ya kumdharau. Ilimbidi aipeleke dharau hiyo kwingine, na ilikuwa nyingi.

Barua ya wizara ilitoka Desemba. Mvua ilikuwa imeanza, matope yamefika hadi kwenye vibaraza. Kasyoki alikifunga kikombe chake cha plastiki ndani ya leso, akakitia mkobani, kwa sababu alikuwa amepanga kutoka Nairobi moja kwa moja hadi kwa Isaac. Nusu saa. Alizipanda zile ngazi akipumzika kila baada ya tatu.

Hiram aliisoma barua yote, jambo ambalo hakulitarajia. Alifungua rejista, akagonga muhuri, akageuza daftari ili aone. HURU.

"Hongera, mama. Wengi hukata tamaa. Ushuru wako ni sufuri."

"Asante. Sasa nipe."

"Sasa kuna stoo." Alichukua kikokotoo. "Ulipewa siku kumi na nne. Baada ya hapo ni malipo ya kila siku. Imefika…" Alimwonyesha kioo kidogo cha kikokotoo. Ilikuwa zaidi ya bei ya mguu, karibu mara mbili.

"Hiyo barua inasema nisilipe."

"Inasema usilipe ushuru. Stoo sio ushuru. Stoo ni nafasi."

"Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta barua uliyoniambia nitafute."

"Ndio. Na umeileta." Hiram alionekana kuumia kidogo kwamba haelewi. "Unaweza kuomba usamehewe stoo. Hiyo ni ofisi ingine, wanakaa Januari. Lakini mwisho wa mwezi, vitu ambavyo havijachukuliwa vinaenda mnada."

"Nani atanunua mguu mmoja?"

"Watu hununua, mama. Wanauza chuma."

Hiram alimwambia kwamba kwa kuwa ushuru umekwisha, kanuni inamtaka mwenye mzigo auone kabla ya faili kufungwa. Akapotea nyuma, akarudi na sanduku, akakata utepe kwa kisu. Akautoa mguu, akampitishia chini ya kioo, wayo kwanza.

Ulikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri. Vidole vilichongwa vyote vitano, na kucha. Kasyoki aliegemeza magongo ukutani, akajishika kwenye meza, akainama na kuuweka sakafuni kando ya kiatu chake cha kulia. Bomba liliangalia juu. Ulikuwa saizi ile ile. Kwa muda kama wa kuhesabu hadi kumi alisimama hivyo, akitazama chini, akiwa na miguu miwili.

"Uko sawa?" Hiram aliuliza.

"Uko sawa."

"Haujavunjika mahali?"

"Haujavunjika."

"Basi weka sahihi hapa. Kwamba umeuona na uko katika hali nzuri, usije ukalaumu ofisi."

Alimpa mojawapo ya zile kalamu tatu. Kasyoki aliandika jina lake lote. Hiram alizunguka akatoka kwa mlango wa pembeni, akauokota mguu kutoka sakafuni, akaukumbatia kwapani pamoja na faili. Stoo ilikuwa ghorofa ya tatu. Alikuwa bado kijana wa mwili, na alizipanda ngazi mbili mbili.