Tambi za Kabula

Kabula alikaa siku nne bila kutia kitu cha maana tumboni. Malaria yenyewe ilikuwa imeshuka, lakini kwinini ilimwachia uchungu mdomoni, na kila alicholetewa alikionja kidogo akakisukuma pembeni. Uji aliukataa. Ugali na mlenda aliukataa hata kabla haujamfikia. Mumewe, Magese, alisimama mlangoni kila mara akimtazama anavyokonda.

Siku ya tano asubuhi Kabula akamwita.

"Baba Nyanjige, kile chakula ulichokuwa ukiwapikia mameneja, kina pilipili?"

"Kipi?"

"Zile tambi za nyanya na maziwa. Si ulinihadithia?"

"Kina pilipili, tena kali."

"Labda hicho kitapita," alisema Kabula, akageukia ukutani.

Magese alikuwa mpishi kwa miaka kumi na saba katika nyumba ya wageni ya chama cha ushirika, Bariadi mjini. Aliwapikia mameneja, wakaguzi wa pamba, hata mafundi wa Kizungu waliokuja kufunga mashine. Kisha biashara ya pamba ikaachiwa huru, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao mpaka Dutwa na Nkoma, na nyumba ya wageni ikafungwa. Tangu mwaka jana alikuwa amerudi kulima Ngulyati kama watu wengine. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpikia mkewe hata yai. Jambo hilo hakuwahi kulifikiria, na sasa lilimchoma vibaya. Akatoa baiskeli.

Miaka ya nyuma ungezunguka Bariadi nzima usipate pakiti ya tambi. Hata sabuni watu waliipangia foleni. Sasa duka la Jilala lilikuwa limejaa mpaka dari. Magese akachukua tambi pakiti mbili na vitunguu saumu, akarudi mbio. Nyanya na pilipili zilikuwa shambani kwake. Kilichobaki ni utando wa maziwa, ule mzito unaokaa juu, na huo ulikuwa mikononi mwa mama yake, Ng'washi, aliyekuwa akiukusanya kwa ajili ya samli.

"Mayu, naomba utando wako," alimwambia mama yake. "Nataka kumpikia Kabula."

Ng'washi aliacha kupepeta mtama. "Upike wewe? Na mimi nipo hai?"

"Nimepika miaka kumi na saba, mayu."

"Ile ilikuwa kazi. Hapa ni nyumbani. Watu watasema mkeo kakulisha limbwata."

"Waseme."

"Basi nielekeze, nitapika mimi."

"Hiki hakielekezwi kwa mdomo. Na yeye hajala siku nne."

Ng'washi aliuweka ungo chini. Aliingia ndani, akatoka na bakuli, nusu tu ya utando aliokuwa nao, akaliweka chini karibu na mafiga, kisha akarudi kwenye ungo wake.

Magese akatwanga pilipili na saumu kwenye kinu kidogo, akakaanga kitunguu, akatia nyanya. Lakini alikuwa na haraka. Nyanya zikiwa bado zinachemka kwa nguvu akamimina utando wote kwa mpigo. Palepale maziwa yakakatika. Mchuzi ukawa maji mekundu yenye madonge meupe. Kule kazini alizoea maziwa mazito ya kopo kutoka Mwanza, yanayovumilia moto. Haya ya ng'ombe wake yalikuwa yameanza kuchachuka.

"Umeharibika," alisema Ng'washi kutoka kule alikoketi.

"Umeharibika. Nipe ile nusu nyingine."

"Na hiyo ikikatika?"

"Nitakamua tena jioni, nianze upya kesho. Na keshokutwa, ikibidi."

Mama yake akaleta bakuli la pili.

Akaanza upya na kitunguu, pilipili na nyanya nyingine, safari hii akipunguza kuni. Aliziacha nyanya zichemke polepole mpaka maji yakaisha na mafuta yakajitenga pembeni mwa sufuria. Akatia sukari kidogo kuvunja uchachu wa nyanya. Kisha akaipua kabisa. Akachota mchuzi kijiko kimoja, akauchanganya kwenye bakuli la utando. Akakoroga, akaongeza kijiko kingine, mpaka bakuli zima likapata uvuguvugu, ndipo akaurudisha wote sufuriani. Alishusha pumzi. Mchuzi ulikuwa umeshikana, mzito, rangi ya machungwa, na harufu ya pilipili ikampigisha chafya.

Akiwa anachuja tambi, jirani yao Mhoja akaingia uani kumjulia hali mgonjwa. Alimkuta Magese ameinama jikoni, kanga ya mkewe kiunoni. Akaguna.

"Mwangaluka," alisalimu. "Jamani, leo kuna nini hapa?"

Magese akafungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia.

"Mwangaluka. Mkewe anaumwa, anampikia," alisema Ng'washi, mkavu. "Kaa basi, au una haraka?"

Mhoja hakuwa na haraka tena. Akakaa.

Magese akapeleka sahani ndani, akamkalisha Kabula, akamwegemeza ukutani. Kabula alichukua kidogo kwa ncha ya uma. Akatafuna. Machozi yakamlenga, kamasi zikamtoka, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Kali sana?" aliuliza Magese.

"Nasikia ladha," alisema Kabula. "Tangu Jumapili ndiyo mara ya kwanza nasikia ladha."

Alikula polepole, akipumzika katikati, na Magese akiwa amechuchumaa mbele yake kama anayelinda moto usizimike. Ilipobaki robo ya sahani Kabula akasema ameshiba, akajilaza, na safari hii aligeukia upande aliokaa mumewe.

Jumatatu alitembea mwenyewe mpaka kisimani na kurudi.