Chimbo la Mjane

Chai ya Merle hunywewa kabla ya saa nne asubuhi, jua likiwa bado linavumilika, na anayechelewa hukuta biskuti zimeliwa. Siku ile ya Februari biskuti za Thanasis zilikuwa bado kwenye sahani. Nilizitazama, Merle akanitazama nikizitazama, na hakuna aliyezigusa.

Sisi tuliostaafu hapa Tarkanna, mji wa machimbo jangwani, tuna starehe chache. Kuchimba tuliacha migongo ilipokataa. Kilichobaki ni kuokoteza. Unaamka alfajiri, unachukua reki na chupa ya maji, unakwenda kuchokoa vifusi vilivyoachwa na mashine za makampuni, ukitafuta chembe ya opali, kito chenye rangi nyingi, iliyowaponyoka. Ukirudi, unaitumbukiza kwenye sahani ya maji mezani kwa Merle, kwa sababu opali ikiwa kavu haisemi kitu, na wote mnainama kutazama rangi zikiamka. Mwenye rangi nzuri kuliko wenzake hukalia kiti kilicho chini ya bomba la hewa. Nyumba zetu zimechimbwa ndani ya kilima, na hapo chini ya bomba ndipo upepo unaposhuka shingoni mwako kama mkono wa mtu anayekupenda. Basi. Chai, sahani ya maji, kiti. Mtu aliyefanya kazi tangu utotoni haombi zaidi, na hata hayo kuna watu wamejaribu kutunyang'anya.

Sheria yetu ni moja, nayo ilitutangulia hapa: humuulizi mtu anaokota wapi. Wezi wa mashimo ya wenzao waliwahi kuvunjwa mikono hapa, na hofu hiyo imebaki hata kwetu tunaogombania makombo. Ukiulizwa, unadanganya, aliyeuliza anajua umedanganya, na mnaendelea kunywa chai. Thanasis Kourelis alikuwa bingwa. Mgiriki yule wa miaka sabini na tisa alikuwa akitoka na pikapu yake kwa barabara ya kaskazini, anapiga honi mlangoni kwa Merle ili ashuhudiwe, kisha anazunguka nyuma ya kilima na kupotelea anakojua. Nami nina njia zangu. Merle, aliyepikia kantini ya wachimbaji mpaka ilipofungwa, ndiye mwamuzi wetu, na haokoti siku hizi kwa sababu ya macho.

Saa nne ikapita. Merle alisema labda amepata kifusi kizuri na hataki kukiacha. Nilisema labda. Kipimajoto cha mlangoni kilikuwa kimeshavuka nyuzi arobaini, na Thanasis huchukua chupa moja tu ya maji, kwa ubishi. Saa nne na nusu nilisimama nikavaa kofia.

Merle alipiga simu polisi. Askari wetu pekee alikuwa kwenye ajali ya malori, mbali sana kusini. Akapiga zahanati. Nesi alikuwa peke yake na mama mwenye uchungu wa kuzaa, akaahidi kuwatafuta watu wa kujitolea waendeshe gari la wagonjwa, ila alitaka kujua liende wapi. Hapo ndipo tulipokwama. Liende wapi?

Zamani tulikuwa na gari la uokoaji. Lilikuwa na winchi ya kuvutia watu, kamba na machela, na vijana waliojua kushuka shimoni. Ofisi fulani ya mji mkuu ililichukua, ikidai mji wetu ni mdogo mno kustahili kitu kama hicho. Namkumbuka bwana aliyetumwa kutueleza. Alikunywa maji ya tangi letu glasi baada ya glasi huku akisema hatutaona tofauti. Niliwahi kuwa katibu wa chama cha madereva mpaka chama kikafia mikononi mwetu, ndiyo maana wananiita Komredi, na si kwa heshima. Siku ile nilisimama mkutanoni nikamwambia yule bwana kwamba tofauti tutaiona siku mtu atakapokuwa chini. Watu wakacheka. Wengine wao wako makaburini sasa, na waliobaki nawajua kwa majina.

"Utahutubia njiani," Merle alisema, maana nilikuwa nimeanza kuyasema kwa sauti. "Washa gari."

Nikafikiri kama mtu wa hapa anavyofikiri. Thanasis ametoka kwa barabara ya kaskazini, kwa hiyo kaskazini hayuko. Mashariki hapendi, kuna upepo wa vumbi. Zimebaki kusini na magharibi, na kusini ndiko kwenye Chimbo la Ngamia Mfu, ambako vifusi ni vipya. Nilimwambia Merle hesabu yangu, naye akaitikia kwa kichwa. Nilijiona nina akili.

Tulikwenda kusini. Nililizungusha lori langu dogo kwenye kila kifusi, Merle kichwa nje ya dirisha akitafuta rangi ya bluu ya pikapu. Ukifika chimboni huendeshi upendavyo, maana ardhi imejaa mashimo yasiyozibwa, mengine yana mdomo mdogo kuliko meza na kina cha nyumba mbili tatu. Makampuni yalileta mashine, yakatoboa, yakaondoka. Kuziba kungekula faida. Kwa hiyo tulikwenda mwendo wa konokono, tukisimama na kupiga honi, tukizima injini na kusikiliza. Hakuna kitu. Joto lilikuwa limeingia ndani ya gari likakaa nasi kama abiria wa tatu. Maji tuliyobeba yalikuwa ya moto, nami nilikuwa nikifikiria chupa moja ya Thanasis.

Saa sita ikatukuta bado kusini. Nilisema twende magharibi. Merle alirudisha kichwa ndani. Alikuwa ameshika aproni yake kwa mikono miwili, ile ile aliyokuwa ameivaa akitoa biskuti.

"Mjane," akasema.

"Mjane gani?"

"Chimbo la Mjane. Alisema anakwenda Mjane."

Nilisimamisha gari. Chimbo la Mjane liko kaskazini, moja kwa moja, mwisho wa ile barabara ambayo Thanasis hutoka nayo kila siku. Nilimuuliza alisema lini.

"Jana, mlipokuwa mnaondoka. Wewe ulikuwa umeshatoka, yeye akabaki anaosha kikombe. Akasema, Merle, kesho nakwenda Mjane, kile kifusi cha mwisho karibu na mashine iliyoungua."

"Na hukusema kitu tangu asubuhi?"

"Kwa sababu alisema mwenyewe, Len." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Angeninyamazia ningekwambia labda Mjane. Lakini alisema. Nikajua kila mahali anaweza kuwa, ila siyo Mjane."

Sikuwa na la kumlaumu. Hata mimi, kama Thanasis angenitazama usoni na kuniambia mahali, ningepafuta mahali hapo kichwani na kutafuta kwingine kote. Tumejifunza hivyo, wote. Niligeuza gari kwa nguvu mpaka tairi zikalia, na barabarani nikakanyaga mafuta bila kujali mawe. Merle alipiga simu zahanati kabla mtandao haujakatika, akataja Mjane, akataja mashine iliyoungua, akarudia mara mbili. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba juzi Thanasis alishikilia ukuta akipanda ngazi. Kwamba hata jana aliosha kikombe kile kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji. Kwamba huenda alitaka mtu mmoja ajue.

Pikapu ya bluu ilikuwa pale pale aliposema ingekuwa.

Mlango wazi, kofia kwenye kiti, chupa ya maji imelala kwenye sakafu ikiwa nusu. Niliigusa boneti nikaungua. Merle alitaka kukimbia nikamshika mkono. Chimboni hukimbii. Unatazama ardhi kabla ya mguu, kila hatua, wala usirudi kinyumenyume hata ukiona nyoka. Tulifuata alama za viatu vyake kuzunguka kifusi, kisha alama za reki, kisha alama zikakoma mahali ambapo ardhi ilikuwa imemeguka, na mdomo wa shimo ulikuwa mpya, mwekundu, kama kidonda.

Nililala kifudifudi nikajivuta. Kila nilipojisogeza, udongo ulimwagika ndani, na nikasikia mtu akikohoa chini.

"Wewe unayenimwagia mchanga," Thanasis akasema, "tumbo lako linafahamika. Rudi nyuma."

Merle alikaa chini ghafla, akaziba mdomo.

Joto la juu halikuwa limemfikia, na hilo ndilo lililomweka hai. Chini ya ardhi yetu kuna ubaridi mwaka mzima. Lakini alikuwa ameanguka juu ya udongo uliobomoka, nyonga imevunjika, na ukuta juu yake ulikuwa ukiendelea kumomonyoka. Miguu ilikuwa imefukiwa. Alisema asubuhi ulikuwa umefika magotini, sasa umefika mapajani. Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayesoma kipimo cha tangi. Gari la wagonjwa, kwa maneno ya nesi, lilikuwa bado linatafutiwa dereva.

Thanasis hakuwahi kutupa kitu tangu siku zake za uchimbaji. Nyuma ya pikapu kulikuwa na winchi yake ya mkono, kamba, bomba la chuma, na mabati ya kukanyagia. Tulitandaza mabati kuzunguka mdomo ili uzito usambae. Pikapu niliiacha mbali kadiri kamba ilivyoruhusu, nikafunga winchi kwenye ndoano ya nyuma, nikapitisha kamba juu ya bomba tulilolilaza ukingoni. Mtu mmoja alipaswa kushuka kumfunga. Nilianza kuvua shati. Merle alinisukuma kando, akasema kwamba bega langu haliwezi hata kufungua chupa ya achari, kazi yangu ni kuzungusha, na kwamba akishuka mtu wa uzito wangu shimo lote litamfuata.

Nilimshusha na ubao wa nyuma wa pikapu umefungwa mgongoni mwake, wa kumlazia Thanasis. Macho yake hayaoni vizuri, lakini mle hakuna cha kuona. Nilisikia akifukua kwa mikono. Nilimsikia Thanasis akilia kwa uchungu kwa Kigiriki, kisha kimya, kisha udongo mwingi ukashuka kwa pamoja, na vumbi likapanda usoni mwangu. Niliita jina la Merle. Niliita tena.

"Vuta," akasema. "Yeye kwanza. Vuta, Komredi, usihutubie."

Nilizungusha. Mkono wa winchi ulikuwa na joto la kuunguza, bega likaanza kulia kama mlango wenye kutu, na kila jino la gurudumu liliponasa nilihesabu kuwa huyo hatarudi chini tena. Kichwa chake kilitokea, kijivu chote, kimefungwa kwa aproni. Nilifunga breki, nikatambaa, nikamvuta kwa ubao juu ya mabati, naye akanishika shati asiliachie, ikabidi nimbandue kidole kimoja kimoja ili nirudishe kamba kwa Merle. Ukuta ulibomoka tena nikiwa naitupa. Alipotokea juu alikuwa na udongo mpaka mdomoni, na nyuma yake shimo likajifunga nusu kwa sauti ya gunia linaloanguka.

Gari la wagonjwa lilifika wakati huo, mwoka mikate akiwa dereva na mke wake kando yake. Wakampa Thanasis dawa ya maumivu, wakampakia. Na mimi nikaanza. Nilimwambia mwoka mikate kwamba gari la uokoaji lingefika hapa saa nne na nusu. Nilimtajia yule bwana wa glasi za maji, na makampuni, na mashimo, na mkutano, na waliocheka, maana mwoka mikate alikuwa mmoja wao. Yote yalikuwa kweli. Hata leo nayasema, na nitaendelea kuyasema kwa yeyote mwenye masikio.

"Len," Merle akasema. Alikuwa ameshapanda garini, magoti yake yanavuja damu. "Si leo. Safari hii aliniambia mimi."

Ndege ya madaktari iliwachukua wote wawili kutoka uwanja wa vumbi, Merle akiwa na nguo zile zile. Nilirudi Mjane na mabati yaliyobaki na mawe, nikalifunika lile shimo mpaka bega likagoma.

Simu ilikuja kesho yake mchana. Merle alisema Thanasis amefanyiwa upasuaji, ameamka, tayari amemtukana nesi kuhusu kahawa. Ataishi. Kuendesha gari tena, daktari hakutaka kuahidi. Nikamwambia hiyo ni habari njema, na kwamba nimemwagilia nyanya zake pale tunapokunywa chai. Nilisikia toroli likipita upande wake.

"Nilicheka, Len. Aliponiambia. Nilimwambia basi mimi nakwenda mwezini."

Nikamwambia yeyote kati yetu angecheka.

"Kwenye ndege alikuwa macho muda wote. Akaniuliza kwa nini nilicheka."

"Ukamjibu nini?"

Akasema daktari ameingia, anaitwa, na akakata simu.