Mtambo Uliozunguka Bila Upepo

Mimi sidanganyiki kirahisi. Baba yake Jacklyne aliniahidi nyumba, akaniahidi harusi ya kanisani, kisha siku moja akatoka kwenda kununua gazeti. Mpaka leo analisoma huko aliko. Kwa hivyo binti yangu aliponiambia kuhusu Fidel, fundi wa mota wa Kirinyaga Road, niliweka sharti moja. Jamaa alikuwa amejisifu eti atajenga mtambo wa upepo juu ya nyumba yetu hapa Mountain View, tupate stima yetu wenyewe. Nikamwambia Jacklyne: nikiuona unazunguka na kuwasha taa, nitakubali posa. La sivyo, aende zake.

Yeye mwenyewe sikumwambia kitu. Kwetu Bungoma, mama na mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Fidel alianza kuniheshimu hivyo hata kabla ya posa, na hilo pia nilishuku. Mtu asiyekutazama usoni, utajuaje anawaza nini?

Akapandisha mlingoti, mapanga aliyochonga kwa paipu za plastiki, dinamo ya mtumba na betri ya gari. Wiki mbili nzima kitu kikasimama tu. Flati za majirani zimetuzunguka pande zote, upepo utapita wapi? Nikasema moyoni, haya, mwingine huyo.

Kisha Fidel akapata kazi Thika ya wiki nzima, na Jumatatu hiyo hiyo mtambo ukaanza kuzunguka. Taa ya sebuleni ikawaka. Jacklyne akapiga vigelegele, akampigia simu pale pale.

"Mama, si umeona? Inafanya!"

"Nimeona," nikasema.

Lakini nilikuwa nimetoka tu kuanika shuka kule juu. Shuka zilining'inia kimya, hata pindo halitikisiki, na hatua tatu kutoka hapo mapanga yanakimbia. Ala! Upepo gani huu unaochagua? Jumanne vivyo hivyo. Jumatano nikafunga uzi mwekundu kwenye mlingoti. Uzi ulilala, mapanga yakazunguka.

Mwongo, nikasema. Na moyo uliniuma, haki ya Mungu, maana nilikuwa nimeanza kumpenda kijana yule.

Alhamisi, Jacklyne alipoenda kazini Lavington, nilikagua ile betri nikaona waya wa pili uliofichwa chini ya gunia. Nikaufuata. Uliteremka ukutani, ukaingia dirishani, ukaishia chini ya kitanda cha binti yangu. Pale palikuwa na chaja, imechomekwa kwenye soketi ya nyumba. Stima ya kawaida ilikuwa inajaza betri, na betri ndiyo iliyokuwa inazungusha mapanga.

Aliporudi alinikuta nimekaa kitandani, chaja mapajani.

"Fidel amekutuma?"

"Hajui kitu, Mama." Akaanza kulia. "Yeye anajua ni upepo. Nilisoma kwa simu venye inafanywa. Ungesema hapana, na wewe ukishasema hapana, imeisha."

Nimelinda mlango miaka yote hii nisiingiliwe na mwongo, kumbe mtoto wangu amejifunza kudanganya kwa kuniogopa mimi. Niliona aibu.

Hata hivyo shaka haikunitoka. Fundi wa mota mzima asijue? Nikamwambia Jacklyne asimwambie neno. Jumamosi Fidel alirudi kutoka Thika, na wazee wake walipofika kuposa na kuketi na kaka yangu Were, niliingia chumbani, nikachomeka chaja kwa mkono wangu mwenyewe. Kama ni tapeli, atanyamaza na kuchukua sifa.

Wakapanda wote juu kuutazama mtambo. Mimi nikabaki mlangoni pa ngazi, nikichungulia. Wazee walishangilia. Fidel alitabasamu, akatazama mapanga, kisha akatazama shuka zangu kwenye kamba. Tabasamu likamtoka. Akachuchumaa, akainua gunia, akaushika ule waya.

Alisimama akanipa mgongo, kama desturi inavyotaka.

"Jacky, mwambie Mama huu si upepo. Kuna mtu ameunganisha stima. Mtambo wangu umenishinda. Mwambie asinipe binti yake kwa sababu ya hii kitu."

Were akakohoa. Jacklyne alinigeukia, na nilijua angefungua kinywa angejitaja mbele ya watu wote.

Nikamwahi. Nikageuka, na mimi nikampa Fidel mgongo.

"Jacklyne," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "mwambie mkwe wangu aliyechomeka ni mimi. Na mwambie ashuke, ugali unapoa."